Neva Iliyobebeshwa Aibu

*Wanaanatomia wa dunia walifuta neno la Kilatini lililoviita viungo vya mwanamke "vya kuonewa aibu". Walipofika kwenye neva yenye jina hilohilo, kalamu ikasita.*

Katika wodi ya wazazi, mama anayehitaji kusaidiwa kujifungua kwa koleo au kwa vakyumu, au aliyechanika msamba na anasubiri kushonwa, anaweza kuchomwa sindano ya ganzi isiyomlaza usingizi wala kugusa uti wa mgongo. Daktari huingiza vidole viwili, hupapasa ukuta wa njia ya uzazi mpaka akutane na ncha ya mfupa wa nyonga inayochomoza kwa ndani, kisha hupeleka sindano nyuma kidogo ya ncha hiyo na kumimina lignokaini. Hurudia hivyo upande wa pili. Baada ya dakika chache sehemu kubwa ya msamba inakufa ganzi. Dawa imeipata neva moja, ya kulia na ya kushoto, ambayo vitabu vya udaktari huiita *nervus pudendus*. Jina huandikwa kwenye faili na kazi ikaendelea. Atakayetaka kujua lina maana gani atafungua kamusi ya Kilatini na kukuta kitenzi *pudere*, kuona aibu. Neva iliyotulizwa ili mama asiumie inaitwa, neno kwa neno, neva ya kuonewa aibu.

Neva yenyewe haina la kuonea aibu. Huanzia kwenye neva ya pili, ya tatu na ya nne kati ya zile zinazotokea mfupa wa chini ya kiuno, hutoka nje ya fupanyonga, huizunguka ile ncha ya mfupa, kisha hurudi ndani na kupita kwenye mfereji mwembamba uliofafanuliwa na mwanaanatomia wa Ireland, Benjamin Alcock, mwaka 1836. Baada ya hapo matawi yake makuu ni matatu: moja la njia ya haja kubwa, la pili la msamba, la tatu la kinembe kwa mwanamke au la uume kwa mwanamume. Ndiyo inayotuwezesha kubana haja mpaka tufike msalani. Wanaume wanayo sawasawa na wanawake, na baadhi ya waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaijua kwa uchungu, kwa kuwa ikibanwa na tandiko huleta ganzi, na wakati mwingine maumivu yanayozidi mtu akikaa na kupungua akisimama. Kichekesho ni kwamba mfupa inakotokea unaitwa *os sacrum*, mfupa mtakatifu. Kwa mwendo wa sentimita chache tu neva inatoka kwenye utakatifu na kuingia kwenye aibu.

Hoja ya makala haya ni rahisi kuitamka, ingawa utekelezaji wake una gharama. Jina la kiungo likibeba hukumu juu ya mwenye kiungo, hukumu hiyo haifi kwa sababu lugha iliyoizaa imekufa. Kwa hiyo wanaanatomia walifanya sawa kulifuta neno mama, *pudendum*, na walikosea kuiacha neva na ndugu zake.

Roma nako walikwepa

Sarufi ya neno hili haina fumbo. Kilatini kina umbo la kitenzi linalobeba wajibu, na sisi tunalitumia kila tunapoitisha kikao: ajenda, kwa asili yake, ni mambo yanayopasa kutendwa. *Pudenda* ni ndugu wa ajenda. Ni mambo yanayopasa kuonewa aibu. Umbo hilo halisemi kwamba msemaji amejisikia vibaya kutaja. Linasema kwamba kitu chenyewe kinastahili aibu, na kwamba mwenye kukimiliki ana wajibu wa kuiona. Wagiriki kabla yao walikuwa na *aidoion*, linalotokana na *aidos*, dhana inayochanganya haya, staha na heshima. Neno la Kigiriki lilikuwa na mlango wa kutokea. Lile la Kilatini likaufunga.

Inafaa kujua kwamba hata Waroma wenyewe walihangaika. Celsus, aliyeandika kitabu cha tiba kwa Kilatini katika karne ya kwanza, alipofika kwenye magonjwa ya viungo vya uzazi alisimama kwanza kuomba radhi. Alieleza kwamba maneno ya Kigiriki yanavumilika zaidi na yamekwisha kuzoeleka kwa waganga, ilhali ya Kilatini ni machafu na hayatamkwi na watu wenye staha. Lakini Celsus huyohuyo aliendelea kueleza magonjwa hayo moja baada ya jingine, kwa kuwa alitaka watu watibiwe. Alikwepa neno bila kukwepa mgonjwa. Karne nne baadaye Augustino wa Hippo, katika *Mji wa Mungu*, aligeuza jambo la adabu kuwa jambo la imani. Alifundisha kwamba viungo hivyo vinaitwa *pudenda* kwa haki, kwa sababu baada ya dhambi ya Adamu na Hawa haviitii tena nia ya mtu. Kuanzia hapo neno lilikuwa na mafundisho nyuma yake, na Kilatini hichohicho cha kanisa ndicho kilichokuja kuwa Kilatini cha vyuo vikuu vya Ulaya.

> Ajenda ni mambo yanayopasa kutendwa. Pudenda ni mambo yanayopasa kuonewa aibu.

Mwishoni mwa karne ya 19 majina ya anatomia yalikuwa yamefurika. Kiungo kimoja kiliweza kuwa na majina kumi, kila shule na lake, na idadi ya majina yote inakadiriwa kufika 50,000. Mwaka 1895 wanaanatomia waliokutana Basel, Uswisi, walipunguza msitu huo hadi kama majina 5,000. Walitaka kila kiungo kiwe na jina moja la Kilatini, fupi, linaloeleza kiungo kadiri inavyowezekana, na waliondoa majina ya watu. Ilikuwa kazi kubwa na yenye akili. Hata hivyo, katika orodha iliyokusudia kueleza tu, sehemu ya nje ya uke iliandikwa *pudendum muliebre*, kitu cha aibu cha kike. Orodha ziliendelea kufanyiwa marekebisho katika karne iliyofuata, na ile ya kimataifa ya mwaka 1998 bado ilikuwa na *pudendum femininum*. Ukitafuta upande wa mwanamume neno la kufanana nalo, hulioni. Waroma walikuwa wameigawa aibu kwa jinsia zote mbili; sayansi ya kisasa ikamwachia mwanamke peke yake, na kwa mwanamume ikabaki kwenye neva na mishipa ya damu tu.

Mwaka huohuo wa 1998, Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo wa Melbourne, alichapisha matokeo ya upasuaji wa maiti ulioonyesha kwamba kinembe ni kikubwa kuliko vitabu vilivyokionyesha, na kwamba sehemu yake kubwa imo ndani ya mwili. Tafakari tarehe hiyo. Binadamu alikuwa amekwisha kutua mwezini, amekwisha kupandikiza moyo, na umbo kamili la kiungo ambacho nusu ya watu wanacho lilikuwa bado halijachorwa ipasavyo katika vitabu vya kufundishia. Sidai kwamba neno la Kilatini ndilo lililomzuia mtu kuchora. Ninachodai ni kidogo zaidi, na ni vigumu kukikana: taaluma iliyokuwa tayari kukiita kiungo "cha aibu" kwenye orodha yake rasmi ndiyo hiyohiyo iliyochelewa kukitazama.

Hatua nusu ya 2019

Toleo la pili la orodha ya kimataifa, lililotolewa mwaka 2019 na jopo la istilahi la shirikisho la vyama vya wanaanatomia duniani, liliondoa *pudendum*. Palibaki *vulva*, neno la Kilatini ambalo halimhukumu mtu. Lakini *nervus pudendus* ilibaki, pamoja na mishipa ya damu yenye jina hilo na ule mfereji wa Alcock, unaoitwa pia mfereji wa pudenda. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: orodha haina tena kiungo kinachoitwa cha aibu, ila ina neva inayokwenda huko. Mwanafunzi wa udaktari wa leo anayeuliza jina limetoka wapi ataelekezwa kwenye neno ambalo wakubwa wake wamekiri kwamba halifai.

Wanaotetea kubaki kwa neva si watu wa mzaha, na hoja zao zinastahili kujibiwa moja moja. Ya kwanza ndiyo inayosikika zaidi: Kilatini kimekufa, hakuna mgonjwa anayesikia aibu ndani ya *nervus pudendus*, na daktari anayelitamka anafikiria sindano, hafikirii Augustino. Ni kweli kwa wengi. Lakini Kilatini cha anatomia hakikai kaburini. Orodha hiyo huandikwa kwa Kilatini hasa ili kila taifa litafsiri kutoka humo, na mataifa yametafsiri. Kwa Kijerumani mfupa wa mbele wa nyonga unaitwa *Schambein*, mfupa wa aibu. Kwa Kiswidi *blygdben*, maana ileile. Hapo ndipo jambo linapochekesha kwa uchungu, kwa sababu Kilatini cha mfupa huo, *os pubis*, hakina aibu yoyote. *Pubes* ni utu uzima na nywele zinazoutangaza. Watafsiri waliona eneo, wakaiongeza aibu wenyewe. Mjerumani hahitaji kujua Kilatini hata neno moja ili aambiwe, siku alipovunjika nyonga, kwamba amevunjika mfupa wa aibu.

Hoja ya pili ni ya wasomi wa lugha: *pudor* kwa Waroma ilikuwa pia staha, heshima, hata fadhila, kwa hiyo *pudendum* yaweza kusomwa kama "kinachostahili kusitiriwa". Ningeikubali kama neno lingekuwa *pudor*. Nomino ile ni pana kweli. Umbo la wajibu si pana kiasi hicho, na historia ya matumizi yake baada ya Augustino inaelekea upande mmoja. Zaidi ya hayo, kama ni staha, kwa nini mwanamume aliondolewa kwenye orodha? Fadhila inayogawiwa jinsia moja tu inatia shaka.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo ni usalama. Majina ya tiba ni nyenzo za kazi. Kuna makala za utafiti kwa maelfu zenye jina hili, kuna miongozo ya ganzi, kuna ugonjwa wa maumivu ya neva hiyo wenye vigezo vyake vya utambuzi. Ukibadilisha ghafla, daktari wa zamani na wa sasa watazungumza bila kuelewana, na anayeumia ni mgonjwa. Isitoshe, jina linalojitokeza haraka, neva ya msamba, tayari limepewa tawi lake moja, *nervus perinealis*. Haya yote ni kweli, na ndiyo sababu mabadiliko hayawezi kuwa ya usiku mmoja. Lakini tiba imewahi kufanya kazi ya namna hii. Mwaka 1961 kundi la wataalamu wa jenetiki liliandika kwenye jarida la *The Lancet* kupinga neno lililowafananisha watoto wenye hali tunayoiita leo Down na watu wa Mongolia; mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani likaliacha, baada ya ujumbe wa Mongolia kulalamika. Ugonjwa wa viungo uliobeba jina la Hans Reiter, daktari aliyeutumikia utawala wa Wanazi, sasa unaandikwa kwa jina linaloeleza ugonjwa wenyewe. Katika mifano yote miwili jina la zamani na jipya yaliandikwa pamoja kwa miaka, kisha la zamani likaachwa njiani. Hakuna hospitali iliyosimama.

> Jina linaloeleza hukosolewa kwa kupimwa na kiungo. Jina linalohukumu halipimiki.

Ya nne ni hofu ya mteremko: tukiondoa hili, tutaishia wapi? *Vagina* ni ala ya upanga. *Placenta*, jina ambalo mwanaanatomia Realdo Colombo aliliweka kwenye kitabu chake cha 1559, ni mkate bapa. *Arteria* lilitolewa na watu walioamini kwamba mishipa hiyo hubeba hewa. Je, yote yafutwe? Hapana, na mpaka si mgumu kuuona. Mkate bapa ni umbo, na kondo la nyuma kweli ni bapa. Hewa ni kosa, na kosa hilo halimgusi mtu heshima yake. Ala ya upanga ni jina la mtazamaji wa kiume, wala sitalitetea kwa nguvu, lakini bado linaeleza umbile. *Pudendum* halielezi umbo, mahali, kazi wala rangi. Linatoa amri. Kwa kipimo cha Basel chenyewe, kwamba jina lieleze kiungo, halikupaswa kupita tangu 1895.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Uswidi. Kwa Kiswidi kizinda kiliitwa utando wa ubikira, na madaktari walijua kwamba si utando unaoziba wala hakithibitishi ubikira. Mwaka 2009 chama cha elimu ya ujinsia cha nchi hiyo, RFSU, kilipendekeza jina jipya, *slidkrans*, yaani shada la uke, linaloeleza kinachoonekana. Neno likaingia. Waliojiona wanapoteza mila hawakupoteza kitu isipokuwa taarifa isiyo sahihi.

Siri yetu na aibu yao

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Sisi viungo hivi hatukuviita vya aibu. Magazeti yetu huandika sehemu za siri, wahubiri husema utupu, waelimishaji wa afya husema sehemu nyeti au via vya uzazi. Tafsida hizi ni adabu ya mazungumzo, nami sioni sababu ya kuzifuta mezani pa chakula. Siri inamwambia mtazamaji aondoe macho. Haimwambii mwenye mwili ajichukie. Kwa kipimo hicho Kiswahili kimemzidi adabu Mroma.

Hata hivyo siri nayo ina gharama yake, na mahali pa kuiona ni mahakamani. Katika kesi za ubakaji mashahidi, hasa watoto, husema "alinifanyia tabia mbaya" na kuishia hapo, kwa kuwa hawajapewa neno jingine. Mahakama za Rufani za Tanzania na Kenya zimelazimika kuamua kwamba lugha ya kuzunguka namna hiyo inaweza kukubaliwa kama ushahidi kwa kuzingatia umri, malezi na mazingira ya shahidi. Uamuzi ni wa busara. Lakini fikiria ilivyo kwamba majaji wa ngazi ya juu wanatumia karatasi kueleza mtoto alikuwa anataja nini. Kliniki ina hadithi yake: "naumwa chini ya kitovu" linaweza kuwa kibofu, mji wa mimba au utumbo, na mhudumu mwenye foleni ndefu hana muda wa kutegua kitendawili.

Dawa ya hilo tunayo, na imewahi kufanya kazi mbele ya macho yetu. Kilatini huita sehemu ya chini ya mji wa mimba *cervix*, shingo. Kiswahili cha afya kiliiita mlango wa kizazi, jina linalosema mahali na kazi bila kumdhalilisha mtu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na chanjo dhidi ya virusi vinavyoileta ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, jina hilo liliweza kutamkwa redioni, shuleni na kwenye mikutano ya kijiji. Mama anayeambiwa kwamba "ataongezewa njia" wakati wa kujifungua, yaani atakatwa kidogo msamba, anaelewa pia. Msamba ni neno la zamani, safi, linalotamkika mbele ya mkwe kuliko yote niliyoyataja, na lipo palepale neva hii inapofanya kazi.

Kwa hiyo shauri langu ni la vitendo. Wanaoandaa vitabu vya uuguzi, ukunga na udaktari kwa Kiswahili, na mabaraza yanayosanifisha istilahi, wasitafsiri *pudendus*. Waiite neva kuu ya msamba, na lile tawi lililokwisha kuchukua jina waliite tawi la msamba, ili mkanganyiko wa wataalamu uishe kwa neno moja la "kuu". Kilatini kiandikwe pembeni kwa miaka ya mpito, kama kilivyoandikwa kwa magonjwa yaliyobadilishwa majina, mpaka orodha ya dunia itakapofanyiwa marekebisho mengine. Orodha ya 2019 ilikiri kosa kwenye kiungo. Haina sababu ya kisayansi ya kulilinda kwenye neva.